Hakunijia Juu, Alinijia Tu

Hotuba kwa wahitimu wa darasa la Kiingereza la jioni, Mji Mkongwe, Unguja

Assalaam alaykum.

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi majirani mliotuvumilia miezi yote hii tukirudiarudia maneno kila siku baada ya Magharibi, ahsanteni kwa kuja. Na nyinyi wanangu mnaohitimu leo, mnaokwenda kuwatembeza wageni, kukaa mapokezi na kuhudumia meza, nipeni muda kidogo kabla hamjapewa vyeti vyenu.

Nimeombwa nizungumzie umuhimu wa lugha za kigeni katika utalii. Mtaniwia radhi, hilo mmeshalisikia mara nyingi na hamna shaka nalo, la sivyo msingekuja darasani. Nataka kuzungumzia maneno matatu tu ya Kiingereza, mafupi, ambayo kila mmoja wenu ameshayasoma na wengi wenu bado hamjayamiliki. Maneno yenyewe ni "go up to". Ndugu yake ni "come up to". Ndiyo maneno ya mtu kumwendea mtu, na kazi yenu nyinyi, ukiivua mapambo yote, ni kuwaendea watu na kuendewa.

Naanza na karatasi.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja niliyemfundisha alinigongea mlango asubuhi na mapema, hajanywa hata chai. Alikuwa mapokezi katika hoteli moja ya ufukweni. Hoteli siitaji, na yeye simtaji. Mgeni mmoja wa kike alikuwa amelalamika kwamba usiku wa jana yake mfanyakazi alimsumbua, na hakumjua ni nani. Wote waliokuwa zamu wakaambiwa waandike maelezo kwa Kiingereza, kila mtu karatasi yake.

Kijana wangu hakuwa na kosa. Alikuwa amemwona mama wa watu amesimama karibu na ngazi, anatafuta kitu mkobani, akamwendea, akamwuliza kama anahitaji msaada, akaambiwa hapana ahsante, akarudi mezani kwake. Yamekwisha. Akayaandika yote hayo kwa mkono wake, kwa uaminifu. Lakini sentensi ya kwanza aliiandika hivi: "I saw the lady alone and I followed her."

Alitaka kusema nini? Alitaka kusema nilimfuata. Na kwa Kiswahili amesema sawasawa. Kwetu sisi unaambiwa "mfuate mwalimu ofisini", na mwalimu hatembei, ameketi anasahihisha madaftari. Unasema "nilimfuata baba dukani nikamwomba nauli", na baba yuko nyuma ya meza ya duka lake tangu asubuhi. Kumfuata mtu ni kumwendea pale alipo. Lakini "follow" haina maana hiyo. Anayefuatwa kwa neno hilo anatembea mbele, na wewe uko nyuma yake, na anapokata kona nawe unakata kona. Sasa weka hilo usiku, mwanamke yuko peke yake, na mwandishi mwenyewe ndiye anayekiri. Meneja wake, ambaye si mtu wa hapa na Kiswahili hakijui, alisoma mstari ule mmoja na hakuendelea. Kijana akasimamishwa kazi.

Tuliketi barazani kwangu tukaiandika upya. "I saw a guest standing by the stairs. I went up to her and asked if she needed help. She said no, thank you, and I went back to the desk." Mistari mitatu. Hatukuongeza jambo wala hatukupunguza. Akaipeleka pamoja na ile ya kwanza, na mimi nikamwandikia barua ndogo kueleza neno kufuata lina upana gani kwetu. Alirudishwa baada ya siku nane, na siku nane zile hakulipwa. Mpaka leo linaniuma, kwa sababu mimi ndiye niliyesimama ubaoni nikaandika kwamba "follow" ni kufuata, nikaishia hapo.

Ndiyo maana leo sitaki kuishia hapo.

Tulitazame neno la katikati, "up". Mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba "up" ni juu. Basi akikutana na "A man came up to me", anafanya nini? Anatafsiri alivyofundishwa: mwanamume mmoja alinijia juu. Nimeisikia darasani kwa masikio yangu, na si mara moja. Wanangu, kwa Kiswahili mtu akikujia juu amekukasirikia. Sauti imepanda, mishipa ya shingo imemtoka, kidole kiko usoni kwako. Kumbe bwana wa watu alikuja kuuliza Darajani ni wapi. Sentensi ya amani imegeuka ugomvi, na hakuna neno hata moja la Kiingereza lililosomwa vibaya. Yote yamesomwa vizuri, moja moja, na jumla imeharibika.

Kinyume chake nacho kipo. Mfanyakazi amefokewa na mkubwa wake, anataka kumsimulia rafiki yake Mwingereza kwamba bosi kanijia juu. Anasema "My boss came up to me." Rafiki yake anabaki anangoja. Ehe, alikujia, kisha? Alisema nini? Machungu yote yamepotelea njiani. Hapo ilipasa aseme "He shouted at me", au kama Waingereza wanavyosema wenyewe kwa wenyewe, "He had a go at me".

Sasa kama "up" hii si juu, ni nini? Tazameni mahali pengine inapokaa. "Up to five people" ni hadi watu watano. "Up to now" ni hadi sasa. "The water came up to my knees", maji yalinifika magotini. Mama Mwingereza anayemwambia mtoto wake "Eat up" hamwambii ale juu, anamwambia ale amalize, kisibaki kitu sahanini. Neno hili dogo, katika kazi yake hii, linafunga safari. Linasema umefika mwisho, nafasi iliyokuwapo haipo tena. Kwa hiyo "I went up to her" ni nilikwenda hadi nikamfikia. Kulikuwa na sakafu baina yetu, sasa hakuna, tunaweza kusemezana bila ya kupaza sauti. Mkiisoma "up", mkaona juu haikai, jaribuni hadi.

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu watu wengi wanadhani Kiingereza kina kitu kigumu ambacho sisi hatuna. Tunacho, tena kimekaa ndani ya kitenzi chenyewe. Sisi tuna kwenda, na tuna kumwendea. Tuna kuja, na tuna kumjia. Kusogea, kumsogelea. Kukimbia, kumkimbilia. Ile sauti ndogo tunayoiingiza karibu na mwisho wa kitenzi, kauli ya kutendea mliyoisoma skuli mkaiona haina kazi, ndiyo inayoelekeza mwendo kwa mtu. Mwingereza hana mlango wa kuiingiza ndani, kwa hiyo anaibandika nje, kwa vijineno viwili, "up to". Ukishaliona hilo huna haja ya kukariri orodha. "Walk up to" ni kumwendea kwa miguu, "run up to" ni kumwendea mbio, "drive up to the gate" ni kuja na gari hadi getini. Kitenzi cha mbele kinasema mwendo gani, vijineno vinasema umefika.

Kumkimbilia kuna tahadhari yake. Mtoto anayeshuka boti pale bandarini, akamwona bibi yake, akaachia mkono wa mama yake akatoka mbio: "She ran up to her grandmother." Lakini mtoto aliyepigwa na wenzake, anayekimbilia kwa bibi yake apate pa kujificha: "She ran to her grandmother." Kiswahili kinaweza kutumia neno moja kwa wote wawili. Kiingereza, ukitaka kuonyesha ile furaha ya kufika karibu na kusimama mbele ya mtu, unatia "up". Ukitaka kimbilio, unaiacha.

Vivyo hivyo kwa "go to" na "go up to". "I went to the teacher" inaweza kuwa nilikwenda kwa mwalimu, hata nyumbani kwake, hata kijiji kingine, nikiwa na shida yangu. "I went up to the teacher" inatuweka sisi wawili mahali pamoja, tunaonana: darasani, uwanjani, kwenye harusi. Safari yenyewe ni ya hatua tano au ishirini. Na sentensi haipendi kukomea hapo. Msikilizaji anangoja kitendo cha pili. Nilimwendea, nikafanya nini? Nikamwamkia, nikampa mkono, nikamwuliza. Ndiyo ile -ka- yetu ya masimulizi. "I went up to him and asked." Nikamwendea nikamwuliza. Mkiandika maelezo au ripoti, mkamaliza sentensi kwenye "him" na kuweka nukta, mmemwacha msomaji na mguu mmoja hewani.

Mambo ya sarufi nayapitia upesi, tulishayatokea jasho darasani. Msiangushe "to": "I went up him" ina maana ulimpanda yule mtu kama mnazi. Mtu hakai katikati. Anakuja mwisho baada ya vijineno vyote, na anakuja kama "him", "her", "them", hata siku moja si "he" wala "she". Na kwenye sauti, wengi wenu mnatamka maneno matatu yakiwa na uzito sawa. Mwenye lugha anaweka nguvu kwenye "up", na "to" anaimeza. Haraka haraka sikio linapata kitu kama "wentapta". Ndiyo maana mgeni akisimulia haraka mnaipoteza, na mnadhani amesema neno msilolijua. Mnalijua. Limekunjwa tu.

Kuna siku "up" itakuwa juu kweli. "Go up to the roof" ni panda darini, na hoteli zetu nyingi za Mji Mkongwe zina mikahawa darini, kwa hiyo mtaisema kila siku. "Go up to Lushoto" ni kupanda milima ya Usambara. Waingereza wengi husema pia "up" kwa kwenda kaskazini kwa sababu ramani imekaa hivyo. Tazama kinachofuata baada ya "to". Kama ni mtu, ni kumwendea. Kama ni dari au mlima, panda. Kama ni kaunta au dirisha la benki, ni kusogea karibu: "Please come up to the counter."

Sasa "go" na "come". Mnajua kwenda na kuja, lakini ipo sehemu moja Kiswahili chetu kinatutia mtegoni, nami nimeiona ikiwatia wageni wasiwasi mtaani. Mtu ameketi na wewe barazani, anainuka anakwenda zake dukani, anakwambia "nakuja". Anaondoka, mgongo ameshakupa, na anasema nakuja! Kwetu ni adabu. Ana maana nitarudi, usinione nimekutupa. Sasa mtembeza wageni amewafikisha watu wake mbele ya mlango wa Kihindi uliochongwa maua, anakumbuka hajalipa tiketi, anawaambia "I'm coming" na huyo, amekata uchochoro. Wageni wanatazamana. Anakuja wapi, mbona anakwenda? Dakika tano kwenye vichochoro vile, mtu asiyejua njia anaziona kama saa nzima. Semeni "I'll be right back". "I'm coming" ni ya mtu aliyeitwa, anayeelekea kwa aliyemwita.

Na kwa hili kuna mfano ambao nyinyi mtausimulia katika kazi yenu mpaka mzeeke, kwa hiyo bora muusimulie vizuri.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alifika hapa Unguja, akavuka kwenda Bagamoyo, akatembea miezi mingi mpaka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, akimtafuta Dkt. David Livingstone. Mtawapeleka wageni kwenye nyumba aliyokaa Livingstone hapa mjini mwaka 1866 kabla ya safari yake ya mwisho, na mtaulizwa tu habari ya mkutano ule wa Ujiji. Mgeni atawatamkia mwenyewe yale maneno mashuhuri ya Stanley, "Dr. Livingstone, I presume?" Wote wanayajua. Wasichokijua ni kwamba katika mkutano ule, wa kwanza kumwendea mwenzake hakuwa Stanley.

Stanley mwenyewe ameandika. Msafara wake umeingia Ujiji bunduki zinapigwa, watu wamejaa. Katikati ya zogo lile akasikia ubavuni mwake mtu anamwamkia kwa Kiingereza: "Good morning, sir!" Akageuka kwa mshangao. Mbele yake amesimama Mwafrika, amevaa shati refu jeupe na kilemba, anajitambulisha kwamba yeye ni Susi, mtumishi wa Dkt. Livingstone. Baadaye kidogo akaja mwenzake, Chuma, naye akaamkia vivyo hivyo. Wanangu, sentensi ya Kiingereza ya tukio hili ndiyo hii tuliyokuwa tukiifanyia mazoezi: "Susi came up to Stanley and said good morning." Sahihi katika kila kiungo. "Came", kwa sababu tunatazama kutoka aliposimama Stanley. "Up to", kwa sababu alifika mpaka ubavuni. Na kitendo cha pili kimekuja hapo hapo: aliamkia. Ndiyo Susi huyu huyu aliyekuwa miongoni mwa waliouchukua mwili wa Livingstone kutoka bara mpaka Bagamoyo, mwaka 1874. Nawaomba mkisimulia habari za Ujiji muanze na yeye.

Kisha Stanley akamtuma Susi akimbie akamwambie Daktari "I am coming". Mnaona? Hakuwa anaondoka. Alikuwa anaelekea kwa yule atakayepokea ujumbe. Hapo ndipo mahali pake.

Na alipomwona mzee mwenyewe, anasema alitamani kumkimbilia. Aliogopa macho ya umati, na hakujua Mwingereza yule angempokeaje, basi akamwendea kwa hatua za taratibu, akavua kofia, akatamka alilotamka. Kurasa za siku ile katika shajara yake zimechanwa, na wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama maneno yale yalitamkwa kweli. Mwambieni mgeni na hilo, msimfiche. Lakini tazameni uamuzi ule wa hatua chache. "He ran up to him" angekuwa mtu mwingine, na mkutano mwingine. "He walked up to him" ndiye Stanley tunayemjua, aliyejizuia. Tofauti yote imo katika kitenzi kimoja cha mbele, na vijineno vimebaki vile vile.

Katika ukoo huu wapo ndugu ambao ni lazima mwajue kwa sura, kwa sababu wanafanana na wana tabia mbaya. "Come on to" imetofautiana na "come up to" kwa kijineno kimoja tu, na maana yake ni kumtongoza mtu. Binti mmoja wa darasa la mwaka juzi alisimulia mbele ya wageni kwamba meneja wake "came on to me yesterday", akimaanisha tu kwamba alimjia kumpa ratiba. Chumba kizima kilinyamaza. Mgeni mmoja wa kike alimshika mkono akamwuliza kama anataka msaada. Haya si mambo ya kuchekana darasani, ni heshima ya mtu, yake na ya meneja. Na ninyi pia mkimsikia mgeni akisema mtu fulani "came on to me", msidhani anasema alisalimiwa. Amelalamika, mchukulieni hivyo. "Come at" ni kumvamia mtu. "Creep up on" ni kumnyemelea, kama paka na ndege. Na kwenye barua rasmi mtakutana na "approach", neno moja, safi, lisilotaka "to" kabisa: "I approached the guest." Wengi mnaandika "approached to", kwa sababu mnasikia "kwa" kichwani. Ifuteni.

Nimebakiza jambo ambalo halimo kwenye kamusi.

Kamusi itakwambia "go up to" ni kumwendea mtu. Haitakwambia usimame umbali gani. Sisi tumelelewa na hodi. Hata mlango ukiwa wazi unasimama nje, unapiga hodi, unangoja karibu, na ukipiga mara tatu kimya unarudi zako. Mtoto wa Unguja anajua hili kabla hajajua kusoma. Lakini nimewaona vijana wale wale, wenye hodi zao nyumbani, wakimwendea mgeni pale bustani ya Forodhani kana kwamba mgeni hana mlango. "My friend! My friend, where are you from?" Mkono umeshatua begani. Mtu wa watu ndiyo kwanza ameuma kipande chake cha pweza. Watu wa mji tuna jina la kijana wa namna hiyo, papasi, na mnajua papasi ni mdudu gani, wa jamii ya kupe, anayeuma watu na kuwanyonya damu. Wengi wao si watu wabaya. Wana njaa, wana ndugu wa kulisha, na Kiingereza chao wamekiokota wakati wa kukimbizana na wageni, kwa hiyo wamekiokota kikiwa kinakimbia.

Mgeni naye ana hodi yake. Inaitwa "Excuse me". Inasemwa kabla ya kufika, sio baada. Unasimama mkono mmoja na nusu mbali naye, mbele au ubavuni anakokuona, usitokee nyuma. Unasema "Excuse me", unanyamaza. Akikutazama, huko ndiko kukaribishwa. Akitikisa kichwa au akitazama pembeni, umepiga hodi isiyojibiwa, rudi. Na sisi tunaopenda salamu ndefu, za asubuhi, za nyumbani, za watoto, tujue kwamba kwa Mwingereza aliyeendewa na mtu asiyemjua, neno la kwanza analotaka kulisikia baada ya hodi ni umemwendea kwa shida gani. "Excuse me, I think you dropped this." Salamu zitakuja baadaye, na zikija, mpeni zote, maana hizo ndizo anazozikumbuka akirudi kwao.

Mimi nimejaribu nao wanafunzi wangu pale bustanini, jioni, wawili wawili. Mmoja anakaa kwenye kiti cha saruji akijifanya mgeni, mwingine anamwendea. Mara ya kwanza wote wanakwenda haraka mno. Mara ya pili wanasimama karibu mno. Mara ya tatu kuna msichana mmoja, yuko hapa leo, alikwenda hatua sita, akasimama, akasema "Excuse me" kwa sauti ya kawaida, na Mzungu wa kweli aliyekuwa ameketi kiti cha jirani ndiye aliyegeuka akamjibu "Yes?" Akakosa la kusema kidogo, kisha akacheka, akamwambia ukweli kwamba yuko mazoezini. Wakazungumza mpaka adhana ya Isha.

Kijana wangu wa ile karatasi bado yuko kazini, na sasa yeye ndiye anayewasaidia wenzake kuandika maelezo yao. Ameniletea nakala ya karatasi ile ya kwanza. Ninayo hapa, imekunjwa mara nne. Darasa lijalo nitaibandika ukutani, bila ya jina, karibu na ubao, palepale nilipoandika "follow" ni kufuata.

Vyeti viko mezani. Mwalimu mwenzangu atasoma majina kwa herufi, na kila atakayesikia jina lake asiinuke mpaka ameambiwa kwa Kiingereza, na akiambiwa asitafute ngazi. Haya, mwalimu, jina la kwanza. "Please come up to the table."